Kampuni ina matawi matatu, bado mnaendesha kwa Excel na WhatsApp? Tuongee ERP

MzeeWaUrari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kila baada ya muda anatokea mtu anauliza "mfumo gani mzuri wa kampuni?", yaani ERP, programu moja inayounganisha mauzo, stoo, ununuzi na hesabu, na majibu yanakuwa jina moja moja: Odoo. Tally. SAP. QuickBooks. Mwenye swali anaondoka na jina tu, shida yake iko palepale. Mimi ni mhasibu, niko kwenye vifaa vya ujenzi huku Kanda ya Ziwa, Tanzania: stoo kuu, matawi, magari ya mzigo, na mafundi wanaochukua kwa mali kauli. Naandika nionavyo, wanaojua zaidi wanirekebishe.

Kampuni ya kati kwangu si suala la mtaji. Ni pale mwenye mali anaposhindwa kuona kila kitu kwa macho yake. Tayari umesajiliwa VAT kwa kuwa mauzo yamepita milioni 200 kwa mwaka (kiwango kilipandishwa kutoka milioni 100 mwaka 2023), umefikisha wafanyakazi 10 kwa hiyo SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) inakuhusu, una NSSF, una WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), una mkaguzi wa hesabu anayekuja na maswali. Lakini bei bado zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na stoku iko kwenye faili la Excel linaloitwa "STOKU MPYA final 2 ya kweli".

Sasa msimamo wangu, na najua watu wa kuuza mifumo hawataupenda: kabla hujachagua programu, kaa chini uandike orodha yako ya bidhaa na vipimo vyake. Hapo ndipo kazi ilipo. Nitoe mfano wa nondo peke yake.

Nondo ya milimita 12, urefu mita 12. Uzito wake wa kawaida ni gramu 888 kwa mita, kwa hiyo kipande kimoja ni kama kilo 10.66, na tani inatoa karibu vipande 94. Unanunua kwa tani, unauza kwa kipande, na fundi wa choo anakuja anataka nusu nondo. Mfumo usioweza kubeba vipimo viwili au vitatu kwa bidhaa moja hapo umeshakwama. Halafu kuna jambo ambalo muuza programu halijui: nondo nyingi sokoni ni nyembamba kuliko zinavyoitwa. Tani hiyohiyo inaweza kutoa vipande 98. Mfumo unasema 94, stoo kuna 98. Hivyo vinne vya ziada havina mwenyewe kwenye vitabu, na anayejua kwamba vipo ni mtunza stoo peke yake. Ukinunua ERP ya mamilioni bila sheria ya kuhesabu vipande wakati wa kupokea mzigo, umenunua njia ya kisasa ya kutoviona.

Na bado hatujagusa majina. Kwenye faili nililokabidhiwa kulikuwa na "Nondo 12", "NONDO MM12", "Y12" na "nondo kumi na mbili ya mhindi". Zote ni bidhaa moja. Ingiza hiyo takataka kwenye SAP uone kama Wajerumani watakusaidia.

Karibuni tuchangie.

---

BwanaKaunta

Mkuu unatutisha bure. Sisi tuna matawi mawili, tunaendesha kwa Google Sheets mwaka wa ngapi sijui, na mauzo yanapanda. ERP ni ugonjwa wa wasomi.

---

MzeeWaUrari

BwanaKaunta, Excel sijaitukana, ndiyo jembe langu la kila siku. Nina swali moja tu: mwezi uliopita, nani alibadilisha bei ya saruji kwenye hilo jedwali, saa ngapi, na kabla ya hapo ilikuwa ngapi? Ukiweza kunijibu bila kumpigia mtu simu, endelea na unachotumia. Mfumo wa hesabu uliopangwa vizuri hauruhusu kufuta ankara kimyakimya. Unatoa ankara ya kughairi, na jina lako linabaki pale. Mimi hicho ndicho ninachokinunua. Hizo grafu za rangirangi ni mapambo.

---

BwanaKaunta

Hapo kwenye nani kabadilisha… historia ya mabadiliko ipo, sema kila mtu anaingia kwa akaunti ya bosi 😅

---

MpenziWaTally

Niseme kidogo. Watu wanaidharau Tally kwa sababu imezoeleka. Inatoka Bengaluru tangu 1986, na kwa biashara ya kununua na kuuza imekaa kibiashara kwelikweli. Leseni ya Silver ni kompyuta moja, Gold ni za mtandao mzima wa ofisi, unalipia leseni ya kudumu. Mhasibu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwa Wahindi wa Kariakoo au Biashara Street anaijua, hata mkaguzi anafurahi akikuta Tally. Vipimo viwili inabeba. Stoo nyingi inabeba. Kwa nini mtu wa matawi matatu alipie dola kila mwezi?

---

KijanaWaSeva

Mkuu hapo juu, Tally nzuri, sikatai. Inapoanza kuchoka ni pale unapotaka kazi ipite mikono mingi: tawi liombe mzigo, meneja aidhinishe, stoo itoe, dereva asaini, tawi lipokee, na kila mmoja aone kipande chake tu. Tally asili yake ni daftari la mhasibu. ERP ni ya watu wote, hadi wa getini.

Niwawekee picha ya zinazozungumzwa zaidi, bila ushabiki:

Odoo ni ya Ubelgiji, ilianza 2005 ikiitwa TinyERP. Ina sura mbili. Community ni ya bure na msimbo uko wazi. Enterprise unalipia kwa kila mtumiaji. Mtego uko hapa: Community ina ankara, lakini uhasibu kamili uko Enterprise. Watu wanaambiwa "Odoo ni bure", wanafunga, wakifika kwenye mizania wanaanza kutafuta moduli za watu wa pembeni. Zipo, nyingine nzuri tu, ila kila toleo jipya likitoka unaomba Mungu ziendelee kufanya kazi.

ERPNext ni ya Frappe, Mumbai. Msimbo wazi, uhasibu kamili umo, hakuna malipo kwa kichwa. Mishahara wameihamishia kwenye programu ya pembeni inayofungwa juu yake. Kwa kampuni yenye wauzaji 40 ambao kila mmoja anahitaji kuingia, hesabu yake inavutia sana. Ila unahitaji mtu anayeelewa Linux, mfumo endeshi wa seva. Si "kijana wa kompyuta" anayebadilisha wino wa printa.

Business Central ya Microsoft, kiini chake ni Navision ya Denmark, iliyonunuliwa 2002. Imara, hasa kwenye stoku na gharama. Ilipotoka 2018 leseni ya Essentials ilikuwa dola 70 kwa mtumiaji kwa mwezi. Watumiaji 20 ni dola 16,800 kwa mwaka, na hapo mshauri wa kuifunga hujamlipa.

SAP Business One si ile SAP ya viwanda vikubwa. Ni programu nyingine waliyoinunua Israeli 2002. Kwa msambazaji wa bidhaa inafaa. Kwa mwenye maduka mawili ni kujitafutia presha.

---

MzeeWaUrari

Shukrani KijanaWaSeva. Niongeze kwenye hizo dola. Mhasibu akipiga bajeti asiishie kwenye bei ya leseni. Ukilipa huduma au leseni nje ya nchi kuna kodi ya zuio ya asilimia 15, na yule mwenye programu hakubali akatwe yeye, kwa hiyo unambebea. Ukinunua kwa mwakilishi wa hapa ndani, tangu kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 hapaswi kukutajia wala kukutoza bei kwa dola. Wapo wanaokuja na makadirio ya dola mpaka leo. Mrudishie, mwambie aandike shilingi na ziwe zilezile mwaka mzima. Aliyekuwa akihangaika kutafuta dola 2023 na 2024 hahitaji kuelezwa zaidi.

Leseni huwa ndiyo sehemu ndogo. Kusafisha data, mafunzo, kuunganisha na mashine ya risiti ya TRA (mamlaka yetu ya mapato), mtu wa kukaa na wauzaji miezi ya kwanza: huko ndiko pesa inakokwenda.

---

WaIndustrialArea

Hamjambo watu wa Bongo, niko Nairobi, nasoma huu uzi kwa makini. Hapa kwetu swali la kwanza siku hizi si "Odoo ama SAP", ni "inaongea na eTIMS?", yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka yetu ya kodi. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS KRA haiikubali wakati wa kupiga kodi ya mapato, isipokuwa vitu vichache vilivyoachwa nje. Kwa hivyo hata mzigo wa saplaya wako mdogo wa mbao lazima uwe na ankara inayotambulika, la sivyo unalipa kodi juu ya pesa uliyoitumia.

Kuna njia mbili za kuunganisha mfumo na eTIMS. OSCU inataka mfumo uwe mtandaoni wakati wote. VSCU inafaa wenye ankara nyingi na ambao mtandao wao huenda na kurudi. Mwulizeni muuzaji anatumia ipi na kwa nini. Akianza kubabaika, huyo ni wa kusoma vipeperushi.

Tena eTIMS inataka kila bidhaa iwekewe msimbo wa aina yake. Kwa hiyo mzee aliyeanzisha uzi ana haki: orodha yako ikiwa chafu, hata KRA inakukwamisha.

Jambo la pili, M-Pesa. Kwa mauzo ya jumla tumieni Paybill, si Till. Kwa Paybill mteja huweka namba ya akaunti, unaweza kumwambia aweke namba ya ankara, na mfumo unaoanisha malipo wenyewe kupitia Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa. Kwa Till unapata pesa na jina, kisha karani anakaa jioni akikisia Wanjiku yupi alilipa deni la nani.

---

MzeeWaUrari

WaIndustrialArea, asante sana ndugu. Huku kwetu mwenzake ni VFD, ile EFD (mashine ya risiti za kodi) isiyo na kimashine: mfumo wenyewe unatoa risiti yenye msimbo wa kuhakiki TRA. Uganda wana EFRIS, Rwanda wana EBM tangu 2013. Mwenye mpango wa kufungua tawi Kampala au Kigali aangalie hilo mapema, kwa kuwa mfumo mmoja utatakiwa kuongea na mamlaka mbili zenye taratibu tofauti. Hata Zanzibar, VAT ya kawaida si asilimia 18 kama Bara.

Usikubali jibu la "tunaweza kuunganisha." Mwambie akuonyeshe mteja mwingine anayetoa risiti sasa hivi kupitia mfumo huohuo, ukae pale uione inatoka.

---

DadaWaStoo

Shikamooni. Nimesoma tangu mwanzo, na naona nyie wahasibu mmeshatuhukumu watu wa stoo na nondo zenu nne za ziada.

Niwaambie kinachoua mfumo. Ni bosi. Saa kumi na moja jioni simu inalia: "Mtolee jirani yangu mifuko 20 ya saruji, karatasi tutaandika kesho." Wewe ungekataa? Kesho kuna lori la mzigo, keshokutwa bosi yuko Dar, wiki ijayo mnakuja kuhesabu mnanikuta na upungufu wa tani nzima. Nani anaandikiwa barua? Mimi.

Tulifungiwa mfumo mzuri tu. Kila kitu kinapita kwa hati. Aliyeuvunja wa kwanza ndiye aliyeulipia.

---

BwanaKaunta

Dada umeua 😂😂 uzi ungefungwa hapa.

---

MzeeWaUrari

Marahaba dada, na pole kwa barua.

Umesema kilichokuwa kwenye ulimi wangu. Nikiitwa kushauri, swali langu la kwanza kwa mwenye kampuni ni hili: upo tayari wewe mwenyewe ukataliwe na mtunza stoo wako? Akicheka, namshauri abaki na kauntabuku, inamtosha na ni bei rahisi.

Dawa ipo, na si ya kumgombeza bosi. Mfumo mzuri una kuidhinisha kwa simu. Bosi anataka kumpa jirani mifuko 20? Afungue simu, aandike oda kwa jina la jirani, bei sifuri au mkopo, aidhinishe. Inachukua muda uleule wa kupiga simu. Stoo inaona hati, mzigo unatoka, kama ni mkopo deni linabaki kwa jirani, na upungufu hauandikwi kwa DadaWaStoo. Kwenye majaribio ya mfumo hakikisheni bosi anafanya hilo kwa kidole chake mwenyewe mbele yenu. Akishindwa, tafuteni mfumo wenye simu rahisi zaidi, hata kama ripoti zake ni mbaya.

Na upande wa ununuzi hivyohivyo: LPO (oda ya ununuzi), hati ya kupokea mzigo na ankara ya saplaya zilingane ndipo malipo yatoke. Anayeagiza asiwe anayepokea, anayepokea asiwe anayelipa. Kampuni ndogo watasema hawana watu wa kutosha. Basi angalau anayepokea awe mwingine.

---

CodeNaChai

Wakuu, kwa nini msitengeneze wa kwenu? Kijana aliyemaliza CoICT (chuo cha kompyuta cha UDSM) anakujengea kitu kinachofuata biashara yako jinsi ilivyo, bila kulipa Wabelgiji. Mimi binafsi nimejenga miwili inafanya kazi.

---

KijanaWaSeva

Kiongozi, kwa duka moja sawa. Kwa kampuni inayokua swali ni nani atafuata sheria mpya za kodi kila Julai, baada ya bajeti kusomwa Juni. SDL imeshuka toka 4 hadi 3.5 mwaka 2023, kiwango cha VAT kimebadilika, VFD imekuja. Ukipata ajira Dodoma, kampuni inabaki na msimbo ambao hakuna anayeuelewa.

Halafu hilo la "ufuate biashara yangu jinsi ilivyo" limewatoa jasho hata matajiri. Lidl, wale wa supamaketi za Ujerumani, walianza kufunga SAP 2011, wakauacha mradi 2018 baada ya gharama iliyokadiriwa kufika euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa: wao walizoea kuthamini stoku kwa bei ya kununulia, mfumo ulijengwa kwa bei ya kuuzia, wakaamua kuupinda mfumo badala ya kubadilisha mazoea.

---

CodeNaChai

Lidl ni Lidl, sisi tuna maduka matatu bana. Ila hoja ya kuondoka na msimbo kichwani nimeipokea. Wateja wangu nawapa msimbo wote na maelezo.

---

MzeeWaUrari

Hapo CodeNaChai ni mstaarabu kuliko wengi. Na si wajenzi wa ndani tu: hata ukinunua wa nje, andikeni kwenye mkataba kwamba data ni yenu na mnaweza kuitoa yote, kwa muundo unaosomeka, siku yoyote, bila kulipia. Wapo wanaoshikilia data ya mteja hadi alipe "ada ya kuhama".

---

NipoKwaMkopo

Swali langu ni la mtandao. Mnasema mfumo ukae mtandaoni. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika tulikaa tunatazamana. Ikitokea tena nauza na nini?

---

KijanaWaSeva

Swali la maana. Tarehe 12 Mei 2024 ziliharibika EASSy na Seacom kwa pamoja, ndiyo maana pigo lilikuwa kubwa. Aliyekuwa na seva ofisini aliendelea kuuza kwenye tawi hilo bila kujua kuna shida. Lakini mwenye seva ofisini ndiye huyohuyo anayelia umeme ukikatika au diski ikifa, na nakala rudufu ya mwisho ni ya mwezi jana.

Mimi napendelea mfumo mkuu uwe mtandaoni, ila sehemu ya kuuzia kaunta iweze kuendelea bila mtandao na kusukuma mauzo ukirudi. Ya Odoo inafanya hivyo kwa kiasi, mradi ukurasa umeshafunguliwa. Jaribuni kwa kuchomoa waya wakati wa maonyesho. Muuzaji akisema "usichomoe kwanza", mmepata jibu. Na ulizeni seva iko nchi gani. Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za wafanyakazi na wateja kuzitoa nje kuna utaratibu wake.

---

NipoKwaMkopo

Ahsante. Na la mwisho: bosi anataka tuanze Agosti kwa kuwa "ndipo kuna pesa". Na anataka hesabu za miaka mitano zote ziingie.

---

MzeeWaUrari

Agosti kwa vifaa vya ujenzi? Hapana kabisa. Kiangazi ndicho msimu wenu, watu wanajenga kabla ya mvua. Hershey wa Marekani, wale wa chokoleti, waliwasha mfumo mpya Julai 1999 huku oda za Halloween zinaingia. Mradi uliostahili kama miaka minne ulibanwa. Chokoleti zilikuwepo maghalani, lakini oda za kama dola milioni 100 hazikutoka. Hao walikuwa na pesa ya kununua kila mtaalamu.

Washeni wakati wa mvua kubwa, tarehe 1 ya mwezi, na ikiwezekana mwanzo wa mwaka wenu wa fedha. Tawi moja kwanza, lile lenye meneja mtulivu na si lenye mauzo makubwa. Mengine yafuate likishafunga mwezi mzima na urari ukakaa.

Miaka mitano msiingize. Ingizeni salio la kuanzia, stoku mliyoihesabu kwa mikono, na wadaiwa na wadai mmoja mmoja, ankara kwa ankara kwa zile ambazo hazijalipwa. Madeni ya mali kauli msiyaingize kwa jumla, "Mafundi mbalimbali milioni 38", maana hayo hayatadaiwa tena maishani. Kumbukumbu za zamani zibaki kwenye mfumo wa zamani kwa kusomwa tu. Sheria ya usimamizi wa kodi inawataka mzitunze miaka mitano, haijasema ziwe kwenye programu mpya.

---

DadaWaStoo

Na hiyo kuhesabu kwa mikono mnaifanyaje? Maana huwa mnatuletea vijana wa mafunzo wanahesabu bati bila kujua geji 28 na 30.

---

MzeeWaUrari

Dada, watu wawili wawili: mmoja wa stoo anayeijua bidhaa, mmoja wa ofisi anayeandika. Anayeandika asipewe karatasi yenye idadi ya mfumo, maana ataandika ileile. Jumapili, milango imefungwa, hakuna gari linalopakia wala kushusha. Bati zipimwe unene zile zenye mashaka, si kusoma lebo. Nondo zihesabiwe kwa kipande na si kwa fungu. Tofauti yoyote irudiwe na watu wengine kabla ya kuingizwa. Ikikutwa ziada, iandikwe kama ziada, na asiulizwe mtu kwa ukali siku hiyo, la sivyo hesabu inayofuata hamtaambiwa ukweli.

Fomu ninayoitumia nikishaitoa jina la kampuni nitaiweka hapa wiki hii, mwenye mapungufu ya kuonyesha aionyeshe.